Nyota ya Tano

Taulo, mhudumu wa chumba, alibisha hodi, akaingia na shuka safi begani, lakini asubuhi hiyo hakuwa na neno. Kila siku tangu meli ing'oe nanga alikuwa akiingia na salamu ndefu, anauliza mwenye chumba kaamkaje, mgongo unasemaje, bahari imemsumbua au la. Akimaliza kutandika alikunja taulo moja mpaka ikawa sungura, au bata, au tembo mwenye mkonga, akamkalisha juu ya mto. Jina lenyewe alilipata humo chumbani kwa ajili ya taulo hizo, naye akalipokea kwa kicheko, mtu mzima wa watoto wanne. Leo alivua foro, akavisha foro, akanyoosha shuka kwa kiganja, na taulo akaziacha bapa kama zilivyotoka kufuliwa.

Mama Pacha alikuwa chini amepiga magoti, anamvisha Bibi soksi. Alimtazama yule mwanamume mara moja, kisha akamtazama tena. Mtu aliyeishi kwa kazi ya mikono huisoma mikono ya mwenzake kabla ya uso. Mikono ya Taulo ilikuwa inanyoosha kona ileile ya shuka kwa mara ya tatu.

Bibi hakuona. Macho yake yalishaingia ukungu na vidole vimekakamaa kwa maumivu ya viungo, na mambo yote ya macho na vidole alikuwa ameyakabidhi kwa Mama Pacha miaka mingi: kuogeshwa, kufungwa vifungo, kukatiwa nyama. Bibi alikuwa mjane wa mfanyabiashara, Mama Pacha mjane wa dereva wa lori. Kwenye ujane tu ndipo walipolingana. Daktari alipomshauri Bibi akapunge hewa ya bahari, alichagua meli ya kifahari kuliko zote. Peke yake asingeweza. Mlezi alitozwa nauli nzima, ila ndugu wa kulala chumba kimoja alipunguziwa sana. Basi siku ya kupanda, mbele ya kaunta, Bibi alimshika Mama Pacha mkono akasema huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama Pacha akainamisha kichwa. Usiku ule alimwomba Mungu msamaha, na kila alipovaa gauni la zamani la Bibi, lililompwaya mabegani, aliomba tena.

Alimpeleka Bibi kwenye kibaraza cha chumba apunge upepo, kisha akamfuata Taulo mlangoni.

“Kaka, kuna msiba?”

Taulo alitazama ukumbi wa vyumba huku na huku. Wahudumu walikatazwa kuongea habari zao na abiria. Zulia lilikuwa tupu, toroli lake limesimama peke yake.

“Naomba usinichukulie vibaya, mama. Nilikosea wapi?”

“Nani kasema umekosea?”

“Chumba chenu.”

Akamweleza kwa sauti ya chini, maneno yanakimbizana. Jana abiria wote walitoa maoni yao juu ya safari, nyota moja mpaka tano, na kila mhudumu anapewa zake. Tano ndiyo kupita. Nne ni kosa. Mwenye nne huitwa mwenye doa, na alasiri hii, kabla meli haijatia nanga kesho, msimamizi angesoma majina ya wanaorudi kazini safari ijayo. Mwenye doa hasomwi. Huyo anashuka na begi lake, anakwenda kuanza upya kwa wakala aliyemtafutia kazi, na kwa wakala watu wamekaa miaka. Vyumba vyake vyote vilimpa tano. Chumba kimoja ndicho kilichompa nne.

Mama Pacha alishika fremu ya mlango. Jana jioni Bibi alikuwa amemsukumia kile kishikwambi cha maoni, akasema soma nikujibu. Bibi aliyelalamika safari nzima, mara supu imepoa, mara bahari ina kelele, mara muziki wa wazee umekuwa wa vijana, alijibu tano, tano, tano, kwa kuwa abiria aliyeridhika hupewa upendeleo akitaka kusafiri tena. Nahodha mpe zote, alisema, ana sauti nzuri kwenye spika. Walipofika kwa mhudumu wa chumba Bibi alipiga mwayo. Huyo mpe unavyoona mwenyewe, akasema, mimi hata sura yake siijui.

Na Mama Pacha, kwa moyo mkunjufu, akabonyeza nne.

“Ni mimi,” alisema. “Mungu ananiona, kaka, nilikuwa nakusifu.”

“Nne ndiyo sifa?”

“Kwangu mimi ndiyo. Shuleni mwalimu wetu hakumpa mtoto alama zote hata siku moja, alisema zilizobaki ni za Mungu. Na mimi sijawahi kumpa binadamu. Hata marehemu mume wangu hakupata tano.”

Taulo alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. “Na nahodha je?”

“Nahodha alipewa na Bibi.”

Mama Pacha alimwambia aende na kazi yake, atalitengeneza yeye. Alisema hivyo kama mtu anayejua pa kuanzia. Hakujua. Toroli lilipokata kona alibaki palepale, anafikiria watoto wanne wa mtu asiyemjua hata jina.

Bahati moja, Bibi alitaka kwenda mapokezi mwenyewe, kuagiza kiti cha magurudumu cha kuteremkia. Mama Pacha alimwambia njiani, ndani ya lifti, kwamba kuna nyota alikosea kubonyeza na angependa irekebishwe. Bibi alisema nyota ni mambo ya watoto, lakini kama ni dakika moja, haya.

Haikuwa dakika moja. Foleni ilizunguka nguzo ya marumaru na kurudi ilikotoka, na kila aliyekuwamo alikuwa na maoni yake. Bwana mmoja wa kaptura alilalamika kwamba kwenye picha za matangazo bahari ilikuwa ya buluu zaidi. Mwanamke wa miwani mikubwa alisema bwawa la kuogelea lina watu, kana kwamba yeye si mtu. Nyuma yao mume na mke walibishana iwapo chakula kilizidi au kilipungua, na wote wawili walikuwa wakitafuna. Mama Pacha aliangalia saa ya ukutani mpaka akaacha kuiangalia. Aliomba kimoyomoyo. Kila foleni iliposogea alimsogeza Bibi kwa kiwiko, na Bibi akanung'unika kwamba anasukumwa.

Dada wa mapokezi alikuwa na tabasamu lililoshonwa vizuri. Kiti cha magurudumu alikiandika mara moja. La nyota alilisikiliza, akagonga kompyuta yake, akaigonga tena.

“Nyota haipandi hivi hivi, mama yangu. Mfumo unataka tatizo. Likishatajwa na likatatuliwa, ndipo inapanda.”

“Hakukuwa na tatizo.”

“Ndiyo, lakini lazima liwepo. Lolote tu. Unywele bafuni, shuka lina doa. Ulimwambia, akasafisha, ukaridhika. Mimi naandika, nyota inakuwa ya tano, tunamaliza.”

“Na huo unywele utabaki wapi?”

Yule dada alisita. “Kwenye faili lake. Ila nyota zitakuwa tano.”

“Na msimamizi akilifungua faili?”

“Hayo sasa ni ya msimamizi.”

“Sema unywele twende,” alisema Bibi. “Miguu inaniuma.”

Mama Pacha alikuwa ameshasema uongo mmoja kwenye kaunta hii hii, kwa kunyamaza, na ulimfuata chakulani na kitandani. Huu wa pili angeutamka kwa mdomo wake, na mwenye kuubeba angekuwa mtu aliyesugua bafu lile kwa magoti mpaka mtu akajiona uso. Nyuma yake bwana wa kaptura aliguna. Mama Pacha akauliza kama hakuna njia nyingine ya nyota ile kuondoka.

Dada wa mapokezi alijibu huku akiangalia urefu wa foleni. Ipo ya kufuta kabisa, alisema, na chumba kilichofutwa hakimhesabii mhudumu zuri wala baya. Lakini hiyo ni pale inapogundulika aliyetoa maoni hakuwa mgeni wa meli, tuseme mtumishi wa mgeni. Kwenu haihusu, nyinyi ni ndugu.

Mama Pacha aliwaona mapacha wake, mbele ya macho kabisa, wakitoka chuoni na vitabu kwapani. Walikuwa mwaka wa mwisho. Ada, chumba, nauli, mpaka kalamu, vyote vilitoka mkononi mwa mwanamke huyu aliyemshika kiwiko. Alijua jinsi Bibi anavyomwachisha mtu kazi. Mpishi alifukuzwa sufuria jikoni ikiwa bado inachemka. Angeweza kusema unywele. Neno moja tu.

“Dada,” alisema. “Mimi si mdogo wake. Mimi ndiye ninayemwogesha.”

Foleni nzima iligeuka, hata wale waliokuwa wakitafuna. Vidole vya Bibi, vile visivyoweza kufunga kifungo, vilimbana kiwiko kwa nguvu ambayo Mama Pacha hakujua kama bado imo.

Dada wa mapokezi alimgeukia Bibi, bila tabasamu kwa mara ya kwanza, akamuuliza kwa heshima kama maneno hayo ni ya kweli. Bibi alitazama mbele. Kukana kungetaka maswali, na maswali yangetaka vitambulisho, na watu walikuwa wameshatega masikio. Akainamisha kichwa, kama Mama Pacha alivyoinamisha chake siku ya kupanda. Yule dada akagonga kompyuta. Maoni ya chumba, yote, yakafutwa, ya nahodha yakiwemo. Kisha akasema kwa sauti laini kabisa kwamba tofauti ya nauli, kutoka ya ndugu mpaka nauli nzima, itaingizwa kwenye hesabu ya chumba.

Mlangoni pa chumba Bibi alizungumza akiwa amempa mgongo.

“Umenivua nguo mbele za watu.”

“Nisamehe, Bibi.”

“Tukishuka kesho, kila mtu na njia yake. Na leo jioni usije mezani kwangu. Kale na watumishi wenzako.”

Mama Pacha alimlaza, akamfunika miguu, akakaa kwenye kiti mpaka akasikia anakoroma. Kisha akavua lile gauni la kupwaya, akalikunja vizuri, akavaa lake la kila siku na kufunga kitambaa chake kichwani. Aliomba, lakini maneno yalikwama njiani. Kila akifika kwa mapacha alianza upya.

Jioni mhudumu mwingine alikuja kumchukua Bibi kwa kiti cha magurudumu. Mama Pacha aliteremka ngazi za chuma, kule ambako zulia linaishia na harufu ya sabuni na mafuta ya mashine inaanza. Mlinzi alimzuia kwenye mlango wa chumba cha kulia cha wafanyakazi. Abiria haruhusiwi huku, alimwambia, ni kwa usalama wake. Mama Pacha alimweleza kwamba yeye ni mtumishi. Mlinzi akamuuliza kama ana kitambulisho cha kazi cha meli. Hakuwa nacho. Mlinzi alimwonea huruma, lakini mguu hakuuondoa mlangoni.

Wafanyakazi walikuwa wakipita na sahani zao. Taulo alikuwa kati yao. Hakusimama, maana pale pia kulikuwa na macho, ila alipofika usawa wake alipunguza mwendo.

“Jina limesomwa, mama,” alisema, na akapita.

Taulo hakujua limesomwa kwa sababu gani, wala hapakuwa na nafasi ya kumwambia. Mama Pacha alipanda ngazi polepole, ameshika chuma cha pembeni. Alijaribu kufurahi, akakuta furaha ipo, imekaa hapohapo kando ya hofu, na njaa katikati yao.

Kupitia kioo cha ukumbi wa chakula alimwona Bibi peke yake mezani. Kisu kilikuwa kimemtoka mkononi. Bibi alikishika tena, akakandamiza nyama, nyama ikateleza mpaka ukingoni mwa sahani. Wahudumu walipita na kupita. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba kuna mgeni wa kukatiwa.

Kijana wa mlangoni alimwangalia Mama Pacha kuanzia kitambaa mpaka viatu, akamuuliza meza yake ni ipi. Mama Pacha akamwonyesha kwa mkono, akaingia. Alivuta kiti mkabala na Bibi, akaketi.

“Nani kakuita?” Bibi aliuliza.

“Nimekuja kula, Bibi. Nimelipiwa nauli nzima.”

Mama Pacha aliivuta ile sahani kwake, akaikata nyama vipande vidogo kama alivyozoea, akachambua mafuta kando, akairudisha. Kisha akainua mkono kumwita mhudumu, akamwambia amletee na yeye, na nyama yake asiikate.