Uso wa Dieumerci Ukutani

Grégoire alikuwa na kifua kikuu sugu, na asingetoka wodini mpaka miezi tisa iishe. Alikuwa ametimiza mitatu. Uzio wa waya ulizunguka nyumba, geti lilikuwa na kufuli, na wageni walisimama nyuma ya mstari wa chokaa, hatua tano kutoka kwenye waya. Alisikia injini za maboti ya Kigoma yakiondoka bandarini, ila ziwa lenyewe halikuonekana. Kila asubuhi alimeza vidonge mbele ya muuguzi, akafungua kinywa kuonyesha vimeshuka, kisha akakaa barazani kuhesabu matundu ya waya.

Mama Olga, muuguzi mkuu, alichoka kumwona vile. Akamletea ndoo nne za rangi.

"Papa Grégoire, mji muzima unajua wewe njo fundi wa kuchora. Hapa unakaa tu kama gunia la mihogo. Ukuta huu unaniumiza macho. Utuwekee kitu cha kufurahisha watu."

"Kitu gani?"

"Mi najua? Mimi kazi yangu sindano."

Grégoire akachora samaki, mashamba, treni ya Nyunzu imejaa mizigo hadi juu. Wagonjwa wakaanza kutoka vitandani bila kuvutwa. Walibishana kuhusu mabehewa. Dieumerci, mchimbaji wa Manono aliyebakiza miezi minne, alikuwa na wiki tatu hagusi chakula ila kwa kulazimishwa. Sasa alikoroga rangi na kumaliza sahani yake.

"Papa, unichore mimi," alisema. "Muke yangu Chancelle akikuja anione niko na mashavu."

"Mashavu nitayatoa wapi? Uso wako mufupa mutupu."

"Uyakope kwa Mama Olga!"

Wakacheka mpaka wakakohoa.

Mjini Grégoire alichora vibao vya saluni na vitambaa vya matanga. Kwa miaka kumi na mmoja, kila uso aliouchora ulikuwa wa marehemu: buluu ya mbinguni nyuma, wingu jeupe chini ya mabega, kitambaa kikatundikwa mlangoni pa wafiwa. Uso wa mtu aliye hai hakuwahi kuuchora. Mkono ukaenda ulikozoea. Alipoweka wingu, mzee Prospère, mgonjwa mwenzao, aliinua kiti chake akahamia upande wa pili wa baraza. Grégoire alidhani ni wivu.

Jumapili Chancelle alikuja na sufuria. Alifika kwenye chokaa, akatazama ukuta, akaweka sufuria chini taratibu. Akavua kitambaa cha kichwa, akajifunga kiunoni, akapiga yowe la msiba.

"Nani anazika bwana yangu angali muzima?"

"Chancelle, niko hapa!" Dieumerci aliita.

Chancelle alimtazama, akatazama ukuta, akazidi kulia. "Watu wa humu wanajua kitu wanakuficha!"

"Mama, nitafuta sasa hivi," Grégoire alisema, burashi mkononi.

"Ukimufuta njo unamumaliza!"

Burashi ikabaki hewani. Dieumerci akageuka, akautazama uso wake ukutani.

"Papa, hili wingu uliniwekea la nini?"

 Mama Olga alieleza kuwa ni picha tu, akabembeleza, mwishoni akafoka. Dieumerci hakula siku ile wala iliyofuata.

Jumanne, saa ya chakula, Grégoire alimkuta amelala kifudifudi nyuma ya choo, kichwa tayari kiko chini ya waya.

"Rudi. Ni miezi mine tu, Dieu."

"Muntu anakaaje chini ya matanga yake?"

Grégoire alimshika kifundo cha mguu. Kilikuwa chembamba, mkono ulikizunguka chote. Aliogopa kukivunja, akaachia. Kisha akapiga kelele kumwita Mama Olga, naye akaja mbio, lakini nje ya waya hakukuwa na mtu.

Dieumerci alirudishwa baada ya siku thelathini na moja za kujificha nyumbani kwa Chancelle, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva wa pikipiki. Miezi mitano ya dawa ilikuwa imepotea. Alianza upya, safari hii miezi kumi na minane. Alikuwa amepungua kilo tisa. Pafu la kushoto halikufanya kazi tena. Chancelle, naye sasa ameambukizwa, alipewa kitanda cha sita, upande wa wanawake, na mtoto wao wa miaka miwili kitanda cha saba.