Tairi Lililong'atwa na Fisi

"Wallahi, billahi, tallahi! Hii ni kweli tupu, haina chumvi hata punje. Asiyeamini na aje atie kidole kwenye tundu la jino."

Mzee Gelle alianza kuapa akiwa bado ana mguu mmoja ndani ya gari. Alikuwa ameiingiza Noah ya familia, nyeupe iliyokwisha kupata rangi ya mchanga wa Garissa, chini ya turubai la fundi Abdiwali, na sasa alisimama kando ya gurudumu la mbele la kushoto kama mtu anayemtambulisha mgeni wa heshima.

"Fisi mwenyewe mkubwa kama punda," aliendelea. "Natoka zangu Balambala. Mara akaruka kutoka kichakani, akaling'ata tairi hili hapa, gari likienda! Nikaongeza mafuta. Yeye kashikilia. Tukaenda naye hivyo hivyo, akizunguka na gurudumu, juu chini, juu chini, hadi meno yakamtoka yote. Na upepo? Haukutoka hata pumzi moja. Fisi yule yu hai mpaka leo. Anaishi kwa uji."

"Uji, Adeer?" Abdiwali aliuliza, akimwita ami kwa heshima.

"Uji wa mtama. Nasikia hata sukari anaomba."

Abdiwali alicheka mpaka akaiachia jeki. Tairi lenyewe lilikuwa na matundu matatu ubavuni, yasiyofika ndani, hilo halikuwa na ubishi. Lakini fundi alipopitisha kiganja juu yake alikuta limekuwa kipara, laini kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa.

"Adeer, hili limekwisha. Yote manne yamekwisha."

"Najua," Gelle alisema, na kicheko kikampungua. "Mama Nasteho ameshatoa hukumu."

Hukumu ilitoka juzi, pale nyumbani Waberi. Binti yao Nasteho alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko Habaswein, mjukuu ambaye Sado, mke wa Gelle, hajamshika bado. Aqiqa, karamu ya kumpa mtoto jina, ilipangwa kuwa Ijumaa. Sado aliyazunguka magurudumu yote, akayatazama moja moja, kisha akasema: "Bila matairi mapya mimi sipandi. Nitakwenda kwa basi, nitamkumbatia mjukuu wangu, na wewe utatumiwa picha. Jua la njia ya Modogashe halisikilizi hadithi, Aabe Nasteho. Likikuta tairi limekwisha, linalipasua."

Basi Gelle akaja kununua. Na lazima isemwe kwamba katika kununua hakuwa mtu wa kuchezewa. Miaka aliyoendesha boza la maji, kabla ya kustaafu, matairi yalikuwa ya tyubu, makubwa kama meza ya harusi. Haya madogo yasiyo na tyubu aliyaona kama aina ngeni ya mnyama. Na mnyama mgeni humkagui kwa mbali. Alilinusa la kwanza. Akalipiga kofi. Akalikunja ubavu kwa magoti, akavaa miwani, akasogeza pua.

"Hili ulilianika nje, Abdiwali."

"Hilo ni la maonyesho tu, Adeer. Liko pale mbele ya duka muda mrefu."

"Angalia nyufa. Nyembamba kama za kisigino cha mchungaji. Lete yaliyolala ndani, gizani."

Abdiwali akaleta manne. Gelle, ambaye kusoma alijifundisha mwenyewe kwenye migongo ya malori, alianza kuyasoma yale maandishi ya ubavuni kwa sauti. Mia moja tisini na tano, sitini na tano, kumi na tano. Hayo aliyajua, ndiyo kipimo cha Noah yake. Kisha akafika kwenye tisini na moja.

"Na hii?"

"Hiyo inasema tairi litastahimili mzigo gani. Gari la familia, abiria, mizigo, mbuzi wawili nyuma. Usikubali yenye namba ndogo kuliko hiyo."

"Na umri wake? Ngamia ningemfungua mdomo nikahesabu meno."

"Hili lina meno yake pia." Abdiwali akageuza tairi, akaonyesha kidude kama yai chenye tarakimu nne ndani. "Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hiyo ndiyo siku yake ya kuzaliwa."

Gelle alishangaa kwa dhati. Alikwenda kulitazama na lile la maonyesho, akalikuta ni zee, akalizomea. Akarudi. Sasa alitaka kujua kila kitu. Hizi nywele nywele za mpira zinazochomoza kila mahali ni za nini? Ni mpira uliopenya kwenye vitundu vya kalibu, fundi akamwambia, kule hewa inakotokea kiwandani. Zitakatika zenyewe barabarani. "Kama manyoya ya ndama," Gelle akasema, akizipapasa. Na hili doa la manjano, mtoto kachezea rangi? Hapana, Adeer, hapo ndipo tairi lilipo jepesi. Abdiwali alikuwa ameshalivua la zamani kwenye rimu. Akalizungusha jipya mpaka doa likakaa jirani na valvu, maana pale ndipo rimu ilipo nzito, na wepesi ukakutana na uzito.

"Ajabu," Gelle akasema. "Wamefunga ndoa."

Yakafungwa yote manne, yakajazwa upepo, yakazungushwa kwenye mashine na kubandikwa vipande vya risasi pale palipopungua uzito. Nati zikakazwa kwa mikono miwili. Noah ikateremshwa kwenye jeki, ikasimama imara, na Gelle akaizunguka mara mbili kwa kujisifu.

Hapo ndipo macho yake yalipoangukia lundo la matairi ya zamani.

"Lile litakwenda wapi?"

"La fisi? Mwenye mkokoteni wa punda amekwisha kuniomba. Atabebea maji."

Gelle akanyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa kama mvua ya Januari. Aliwaza juu ya tairi lile. Watu walilijua. Mahakimu wa barazani na wauza miraa waliliinamia na kutia vidole. Kuna mzee alitoka Ijara kwa ajili yake tu. Hadithi bila tairi ni nini? Ni maneno. Na maneno kila mtu anayo.

"Lifunge kwenye rimu ya akiba," alisema. "Lile la akiba lililokuwapo baki nalo kwanza."

"Adeer, la akiba ndilo linapaswa kuwa zima."

"Ni la kumbukumbu tu. Halitagusa barabara."

Fundi akatikisa kichwa, akalifunga. Gelle akaondoka. Lakini njiani kuelekea Waberi moyo haukumpa raha. Tairi lililofichwa chini ya gari, nani ataliona? Pale Habaswein wakwe watakuja, wageni wa aqiqa watakuja, atawaambia walale chini kifudifudi watazame tundu la jino? Akasimama kwenye kivuli cha ukuta mmoja usio na watu, akatoa jeki na spana yake. Alipowasha tena gari, tairi la fisi lilikuwa mbele kushoto, pahali pake pa siku zote, na jipya limening'inia chini kama la akiba. Akalipaka la fisi rangi ya viatu, nyeusi, likang'aa kuliko wenzake. Manne mapya yamenunuliwa, yote yamo garini. Ni nani atasema amedanganya?

Nyumbani aliingia langoni kwa kona kali na kuegesha Noah ubavu wa kushoto ukiwa umeukaribia ua kabisa, ili hata paka apite kwa shida. Kisha akaketi kwenye mkeka na jirani yake Korane, mzee mwenye subira ambaye kwa miaka alikuwa amemsikia fisi yule akikua kutoka kimo cha mbuzi hadi cha punda. Chai ya maziwa ikamiminwa.

Sado akarudi kutoka sokoni, ambako huuza maziwa ya ngamia, akiwa na madumu matupu mkononi.

"Assalaamu aleikum."

"Wa aleikum salaam. Mama Nasteho, karibu uone! Manne, mapya, yana nywele!"

Sado akaanza kuja. Akafika katikati ya uwanja, akasimama. Hakuwa akilitazama gari. Alikuwa akitazama mchanga.

Gelle aliyafikiria macho yote, ila alizisahau nyayo. Sado alizaliwa na kukulia kwenye makundi ya ngamia upande wa Balambala, na mtu aliyelelewa hivyo haulizi mnyama yuko wapi; husoma alikopita. Na Gelle, kwa kona yake kali pale langoni, alikuwa amemwandikia ukurasa mzima, maana gari linapokata kona kila gurudumu hujichorea njia yake peke yake.

"Korane," Sado aliita taratibu. "Njoo unisaidie. Mnyama gani huyu amepita hapa?"

Korane akajikongoja. Akatazama. Masharubu yakaanza kumchezacheza.

"Ana miguu minne," alisema.

"Mitatu ni ya ndama," Sado akasema, akionyesha kwa kidole cha mguu. "Tazama mifereji ilivyokatika vizuri, na vile vimistari vidogo ni manyoya yake. Lakini huu wa mbele, wa kushoto, hauna hata mstari. Kama mtu amekokota ubao. Huo ni mguu wa mzee."

"Mchanga hapo ni mgumu," Gelle akasema kutoka kwenye mkeka.

"Mgumu? Kuku amepita juu yake na kucha zake zote zinaonekana."

"Ni aina mpya ya tairi. Haiachi nyayo. Wametengeneza kwa sababu ya wezi."

"Wezi wa nini, Aabe Nasteho? Wa nyayo?"

Korane alilazimika kugeuka atazame ukuta. Sado akapita kati ya gari na ua kwa ubavu, akijibana. Alipotoka, kidole chake cha shahada kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo.

"Hili limepakwa rangi ya viatu."

Gelle akafungua mdomo. Maneno yalikuwapo, hayajawahi kumkosa, lakini aliuona uso wa mke wake na kila aliloliokota akalirudisha. Sado hakuwa amekasirika kama siku zote. Alikuwa ameketi juu ya dumu, mikono mapajani.

"Mimi nilikuwa ndani ya gari," alisema. "Siku hiyo ya fisi wako. Ulipanda ukingo wa karavati, kile kidaraja cha mtaro pale karibu na soko la mifugo, vyuma vya zege vikaingia ubavuni mwa tairi, na maziwa yangu yote yakanimwagikia. Nimewahi kusema? Watu wamekuja hapa, wametia vidole, nimewapikia chai. Nimekaa kimya kwa sababu wanacheka, na wewe ukichekwa hivyo unakuwa kijana. Hadithi yako nimeibeba mimi. Sasa unataka yenyewe ndiyo inibebe, mpaka kwa mjukuu wangu?"

Hata Korane hakucheka hapo.

"Karavati?" alinong'ona. "Na ule uji?"

Gelle akatazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kitupu.

"Kesho nitapanda basi," Sado akasema.

"Usipande basi." Sauti ya Gelle ilitoka ndogo. "Korane, wewe ni mzee wa watu. Sema mila inavyosema."

Korane akasafisha koo, akajinyoosha mgongo, akawa mzee wa baraza. "Kwanza lile tairi litoke. Liende kwa mwenye punda, na la akiba la haki lirudi. Hilo si faini, hilo ni akili. Kisha kuna haal, faini yenyewe kwa mila yetu. Umemkosea mwenzako, moyo wake umeuumiza. Fidia ya moyo lazima itoke mkononi mwako, na yeye ndiye atakayesema kama inatosha."

Basi jua likiwa bado kali, Gelle alipiga jeki, na mke wake akiwa amesimama kando yake kama askari anayekagua magendo. Jipya likatoka chini ya gari, likapanda mbele kushoto. Sado akazikagua nati moja moja. Kisha akaingia garini naye, wakaenda kwa Abdiwali, wakaliacha la fisi, na la akiba likafungwa tena kwenye rimu yake. Waliporudi, Sado alishuka langoni, akatembea nyuma ya gari likiingia, ameinama kidogo. Ndama, ndama, ndama, ndama. Akaridhika.

Ikabaki haal. Gelle akaenda kwenye zizi nyuma ya nyumba, akatoka akivuta beberu mmoja mkondefu.

"Huyo anachechemea," Sado akasema.

"Ni mwendo wake tu. Ni wa maringo."

"Namjua kwa nyayo zake, Aabe Nasteho."

Akamrudisha. Akatoka na yule mbuzi jike wa kahawia, mnene, mwenye kiwele kilichojaa, ambaye asubuhi zote humpa maziwa ya chai yake mwenyewe. Safari hii hakutafuta njia ya mkato. Alimleta hadi mbele ya Sado, akauweka mwisho wa kamba mkononi mwake, akasema maneno yenyewe kama yalivyosemwa na baba zake.

"Haal qaado. Pokea fidia yako."

Sado akaishika kamba. Akampapasa mbuzi shingoni. "Nimepokea. Nasteho atapata maziwa, na mtoto atakua. Kesho alfajiri unaendesha wewe."

Gelle akapumua. Ulimi ukarudiwa na uhai.

"Na umepata mnyama, Sado! Mama yake mbuzi huyu, wallahi, billahi, aliwahi kumfukuza simba kutoka hapa hadi..."

Sado akainua uso. Korane, aliyekuwa akijimiminia chai iliyobaki, akanyoosha vidole viwili juu.

Gelle akafunga mdomo, akageuka, akarudi zizini kumtoa mbuzi wa pili.