Msonyo Usio Wake

"Mfyuuu."

Sauti ilikuwa ndefu na kavu, ya mtu aliyebana meno na kuvuta pumzi kwa pembeni ya mdomo. Kisha kimya. Exaucé alikuwa amefumba macho kama alivyoelekezwa. Alipoyafumbua aliona meza, dirisha lililozibwa kwa kitenge, na Naomie, mtafiti kutoka Bujumbura, akingoja jibu.

"Dharau," alisema, akivua vipokea sauti vya masikioni. "Na huyo ni Mama Scovia."

Naomie akasimamisha mashine.

Utafiti wake ulikuwa rahisi kueleza. Wanawake wa ufukweni mwa ziwa, kuanzia Magara hadi Rumonge, walirekodiwa wakitoa sauti zisizo na maneno: mguno, kicheko, kilio, mshangao. Watu wengine walizisikiliza bila kuona sura, wakataja hisia iliyomo. Naomie alitaka kujua binadamu anaeleweka kiasi gani akiondolewa uso. Majina hayakuwekwa. Ila Rumonge ni mji mdogo, na koo la mtu halivai barakoa.

"Una hakika ni yeye?"

"Nitakosa kumujua mama mukwe wangu? Jumapili wazee wangu banaenda kushika irembo kwake."

Irembo ni mlango wa ua. Wazee wa kijana wakifika hapo na kinywaji wakapokelewa, uchumba umeanza. Wakirudishwa, mtaa mzima unajua kabla hawajafika nyumbani.

"Alikuwa anamusonya nani?" aliuliza Exaucé. "Ulimuuliza juu yangu?"

"Siwezi kusema nilimwuliza nini, kaka. Niliwaahidi wale akina mama. Na kwa kuwa umemtambua, majibu yako siwezi kuyatumia. Murakoze kwa kuja."

"Basi nimepatia."

"Sijasema hivyo. Umesikia sauti. Mtu mwenyewe hujamsikia."

Exaucé aliyachukua maneno hayo kama adabu ya mtu aliyesoma. Mwenye habari njema, aliwaza, hafichi.

Alivuka ziwa kutoka Kivu Kusini pamoja na mjomba wake Jean-Pierre, na sasa anatengeneza injini za mitumbwi pale Rumonge. Yudita, mama yake Scovia, msichana aliyetaka kumwoa, alikulia uhamishoni Tanzania, akarudi kulima kijijini Gatete. Tangu Exaucé aanze kufika kwake, mama huyo hakuwahi kumtazama usoni. Alimsalimu huku akitazama kuku. Scovia alisema kila mara, "Mama hana neno na wewe." Exaucé alijibu kwamba neno hana, lakini macho anayo. Leo macho yamepata shahidi.

Alimpigia simu mjomba wake akiwa bado mlangoni kwa Naomie.

"Mujomba, Jumapili hatuendi."

"Hatuendi namna gani? Kreti ya fanta iko hapa chini ya kitanda, kila usiku ninajikwaa nayo."

"Uinywe. Mama yake amenisonya."

"Mbele ya watu?"

"Ndani ya mashine."

"Exaucé, leo umekula?"

Alikata simu, akapanda pikipiki kwenda Gatete. Afadhali aende yeye kukataa, peke yake, kuliko wazee wake wakataliwe wamevaa makoti.

Scovia alimkuta penye irembo. "Leo si siku yako. Umetokea wapi na uso wa namna hiyo?"

"Mama iko wapi?"

Yudita alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, akichambua matunda ya mchikichi ndani ya sinia. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa mafuta.

"Amahoro, mama."

"Amahoro." Akatazama kuku.

"Nimekuja kusema wazee wangu hawatakuja Jumapili."

Mikono ya Yudita haikusimama. "Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Nimekusikia kwa Naomie. Ulinisonya, mama. Mimi ni Mukongomani, shamba sina, sawa. Lakini musonyo kama ule, hata mbwa aliyeiba samaki hapewi."

"Exa!" Scovia alimshika mkono. "Unaongea na mama yangu!"

"Mwache," alisema Yudita. "Aliyenisikia kwenye mashine aseme alichosikia. Ulikuwaje huo msonyo?"

Exaucé alisita, kisha akauiga.

Yudita akacheka, mdomo kaufunika kwa mgongo wa mkono. "Huo wako una mate. Wenyewe ni mkavu. Hivi." Akabana meno. "Mfyuuu."

Kuku waliinua vichwa. Scovia alirudi nyuma hatua moja. Hakuwahi kuisikia sauti hiyo kinywani mwa mama yake.

"Si wangu," alisema Yudita, akirudia kuchambua. "Ni wa mwanamke mmoja. Nilikuwa msichana, tunaishi kambini. Bomba la kambi likakauka, nikaenda kisimani kwa wenyeji. Wengine walinipisha. Yeye akanipima kutoka kichwani mpaka miguuni, akaimwaga ndoo yangu. Tusi hakutoa, jina langu hakuuliza. Alisonya tu, akaondoka."

Alitupa tunda bovu nje ya sinia.

"Naomie aliniambia, kumbuka siku uliyoumia, utoe sauti yoyote, neno usiseme. Sasa nitoe sauti gani? Siku ile sikulia. Sauti ilikuwa moja tu pale kisimani. Nikampa hiyo."

"Basi nilisikia sawa," alisema Exaucé. "Ni dharau."

"Ni dharau. Ila niliyedharauliwa ni mimi."

Hasira iliyomleta kutoka Rumonge haikupata mahali pa kukaa. Akaitafutia kiti cha mwisho. "Na macho je? Tangu nianze kufika hapa hujaniangalia hata mara moja."

Scovia akapiga viganja. "Mujinga weye! Mama amukodolee mukwe wake macho, kwani anamununua?"

"Kwetu anayekuheshimu anakuangalia."

"Ah," alisema Yudita. "Kumbe ndiyo sababu. Kila ukija unanitumbulia macho kama askari wa bariyeri anayekagua magari. Nikasema moyoni, kijana huyu anadhani nimeficha nini?"

Hata Exaucé alicheka, bila kupenda. Yudita hakucheka tena. Alifuta vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja.

"Nilipotoka kwa Naomie nilikuwa nakufikiria wewe, hilo ni kweli. Kwenu mko wengi, mna lugha yenu na mizaha yenu. Scovia akija huko, mgeni atakuwa yeye. Fanta zenu nitazipokea. Kinachoniogopesha ni kisima."

Exaucé alifungua mdomo na macho yakamwendea Yudita usoni kama kawaida yake. Akayageuza. Kuku mmoja mweupe alikuwa akidonoa lile tunda bovu, naye akamkazia macho huyo.

"Mama, Jumapili wazee watakuja," alisema kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia. "Na ninakuahidi hapa mbele ya Scovia mwenyewe: hatasonywa nyumbani kwangu. Si na mimi, si na mujomba, si na mutu yeyote wa kwetu."