Wafalme Wawili kwa Watu Saba

Mume wangu Kitsao alirudi kutoka vita vya Burma na vitu viwili: mguu mbovu na mchezo wa karata uitwao poka. Miezi minane alilazwa hospitali ya jeshi akicheza na mgonjwa wa kitanda cha pili, wawili tu, na karibu kila aliposhika wafalme wawili alishinda. Akatoka huko akiamini wafalme wawili hawashindwi. Jeshi zima lilimfundisha hilo tu, maskini.

Jumapili moja baada ya kanisa aliketi barazani kwetu Changamwe na Dishon, karani wa reli kutoka bara. Mimi nilikuwa mkekani nikikata sare ishirini za watoto wa shule, za kushona kwa cherehani aliyoninunulia mama yangu. Kitsao akashinda mara tatu. Kichwa kikavimba. Kila mwanamume aliyepita njiani akamwita, "Karibu, bwana! Karibu ucheze!" Kwake yeye, baraza kujaa watu ndiyo heshima. Wakafika saba.

"Baba Mapenzi," nikamwambia, "ulikuwa ukimshinda mmoja. Sasa wako sita."

"Wengi ndio utamu, Mama Mapenzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Ukiwa na jirani mmoja, kuku wako huenda akapona. Ukiwa na sita, hakosi mmoja mwenye mbwa."

Wakacheka. Mwanamke na karata, wapi na wapi!

Punde akapata wafalme wake wawili. Nilijua, kwa sababu mjinga huyu akipata kitu hulamba midomo. Akaweka dau: cherehani yangu. Hakuniuliza. Nilipopiga kelele alinikonyeza tu, ati nitulie.

Watano walitupa karata zao, wakajitoa. Wa sita, Lewa, mchukuzi wa bandarini, akafunua jozi mbili: tano mbili na tatu mbili. Vikarata vya kitoto, lakini jozi mbili huila jozi moja.

"Bahati mbaya," akasema Kitsao.

Bahati! Aliwakusanya watu sita mwenyewe wamtafutie jozi mbili, na mmoja akazipata. Nilimdharau kwa neno hilo kuliko kwa hasara yenyewe.

Lewa aliona haya. "Wallahi, shemeji, chukua cherehani yako."

Nikanyoosha mikono.

"Hasha!" akaruka Kitsao. "Mgeni wangu hatoki mikono mitupu."

Akaibeba mwenyewe kichwani, akamsindikiza Lewa hadi kwake Jomvu Kuu, akichechemea na kupiga gumzo njia nzima.

Aliporudi magharibi akauliza chakula kiko wapi. Nikamwekea mapajani vile vitambaa vilivyokatwa, na sindano, na uzi.

"Sare ishirini," nikamwambia, "na mwalimu anazitaka Ijumaa. Hizi cheza peke yako. Hapo hakuna wa kukushinda."