Madirisha Arobaini

Saa sita mchana, taa ya chumba namba tisa ilikuwa inawaka. Awinja alivuta pazia, akasukuma dirisha. Likagonga ukuta. Aliingiza mkono kwenye upenyo uliobaki, kiganja kikashindwa hata kugeuka.

Dirisha hilo alilichora yeye. Wiki nzima alisimama kwenye kiwanja hiki cha Kakamega akifuata jua na upepo, hata akabuni hosteli ya wanafunzi ambayo kila chumba kingepata mwanga na hewa kutoka ua wa katikati, taa zisiwashwe mchana, maji yapashwe moto na jua. Mzee Andati, mwenye nyumba, aliipenda ramani hiyo mno, akaandikisha langoni: HOSTELI YA KIJANI. Kisha akajaza vyumba vinane zaidi ndani ya ua, kuta zake zikaziba madirisha.

"Thelathini na tisa, arobaini," mkaguzi wa majengo alimaliza kuhesabu madirisha akiwa mlangoni. "Ramani inasema arobaini. Yapo yote."

"Lakini hayafunguki!"

"Madam, fomu inauliza idadi."

Ilibaki sahihi ya mchoraji, kuthibitisha kwamba nyumba imejengwa alivyochora. Philip, bosi wake, alimpa kalamu. Miaka minne Awinja alikuwa akingoja barua ya Philip ili asajiliwe kuwa msanifu majengo. Leo Philip alikuja nayo, ikichungulia mfukoni mwa shati.

"Mzee, hewa itapita wapi?"

Andati alicheka. "Binti yangu, si wafungue mlango? Wewe ulisomea kwa koroboi huko Mayoni, na si umefika hapa? Unasumbukanga bure."

Awinja aliitazama ile barua mfukoni mwa Philip. Akatia sahihi. Aliona aibu kulitazama jina lake mwenyewe.

Sauti zilisikika koridoni. Philip akafunga dirisha haraka, akarudisha pazia. Aliingia mama mmoja kutoka Shinyalu na godoro kichwani, nyuma yake bintiye Christine, wa kwanza kwao kuingia chuo, amebeba jiko na gunia dogo la makaa.

"Karibuni," Andati alisema. "Hapa hata sola iko."

"Mama," Awinja alianza. Philip akakohoa, akagusa mfuko wake. "Mama... akipika, mlango uwe wazi."

"Msichana peke yake, mlango wazi? Na wezi?" Mama alitua godoro, akatazama pazia kwa furaha. "Sisi huko nyumbani tunapikia gizani, macho yanatoka machozi. Huyu amepata dirisha."

Akachukua jiko, akaliweka chini ya pazia, akalisogeza kwa mguu mpaka likagusa ukuta.

"Uwe unapikia hapa, moshi utoke vizuri," alimwambia Christine. "Nani alichora nyumba hii?"

"Ni huyu," Andati alisema.

"Haya, mshukuru dada yako."

Christine akainama kidogo, akanyoosha mkono. Ilimbidi Awinja ahamishie kalamu mkono wa kushoto ili aupokee.