Mwongoza Rozari wa Halatea

Falakika alirudi kutoka hospitali ya Numea mwezi wa Mei akiwa na kovu jembamba shingoni na bila sauti. Goita ilitolewa yote. Daktari alikuwa amemweleza mapema, kabla hajatia sahihi, kwamba neva ya sauti inapita papo hapo na huenda ikaguswa. Ikaguswa. Kilichobaki kooni mwake kilikuwa mkwaruzo, kama wa mtu anayesema siri, na hata mkwaruzo huo ulimchosha baada ya sentensi mbili tatu.

Kwa mtu mwingine wa kijiji cha Halatea lingekuwa jambo la kuzoea polepole. Lakini Falakika alikuwa ameongoza rozari ya kigango kwa miaka kumi na tisa, na kabla yake aliongoza mama yake mpaka alipokufa. Kila jioni kengele ilipolia, watu walitoka kwenye mashamba ya magimbi ya taro na mabanda ya nguruwe, wakaoga, wakaingia kanisani na kuketi kwenye mikeka, na sauti iliyofungua sala ilikuwa yake. Haikuwa sauti tamu. Ilikuwa nzito, haina haraka, na hata watoto waliokuwa wakichezea nje waliisikia wakajua imefika tendo la ngapi. Rozari yake ilichukua dakika arobaini. Mzee Visesio, ambaye alipenda kuwahi kikao cha jioni cha kunywa kava, alikuwa na mazoea ya kusema kwamba Falakika anasali mpaka malaika wanapiga miayo.

Alipokuwa hospitalini nafasi yake ilishikwa na Telesia, mdogo wa mumewe Kapeliele. Telesia alikuwa na miaka arobaini na mbili, sauti nyembamba iliyopaa bila taabu, na mambo mengi ya kufanya. Hakuna aliyemchagua. Jioni ya kwanza watu walikaa wakatazamana, yeye akaanza, na kesho yake wakamsubiri aanze tena.

Jioni aliyorudi, Falakika alivishwa mashada mawili ya maua na kukumbatiwa na kila mtu. Kisha kengele ikalia wakaingia ndani. Aliketi upande wa kushoto, karibu na ukuta, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Telesia alimwangalia, akasubiri kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa. Falakika akaitikia kwa kichwa.

Rozari ilichukua dakika ishirini na mbili.

"Mwenzangu umeonaje?" Kapeliele alimuuliza njiani kurudi nyumbani.

"Anakimbia."

"Watu wameridhika."

"Sikusema hawajaridhika. Nimesema anakimbia."

Kapeliele aliongeza mwendo. Alikuwa mtu wa nguruwe na taro, na kwa miaka thelathini na tatu ya ndoa alikuwa amejifunza kutosimama katikati ya mkewe na dada yake.

Wiki zikapita. Falakika alikwenda kila jioni, akajibu nusu ya pili ya Salamu Maria kwa midomo tu, kwa kuwa mkwaruzo wake haukufika hata kwa jirani yake wa mkekani. Aligundua kwamba watu walikuwa wengi kuliko zamani. Vijana waliokuwa wakikaa nje kwenye pikipiki sasa waliingia. Mzee Visesio alifika kabla ya kengele. Mambo hayo aliyaona yote, na kila moja lilimuuma, na hakujua ni dhambi gani hasa aende kuiungama.

Ijumaa moja ya Juni, siku ya matendo ya uchungu, Telesia alitaja tendo la tatu, kuvikwa taji la miiba, na kumi hilo lilipokwisha akataja la tano, Yesu anakufa msalabani. Hakuna aliyeshtuka. Falakika alitazama rozari yake mkononi. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye punje kubwa ya tendo la nne na kilikataa kusogea. Aliinua mkono.

"Tendo la nne," alisema.

Wachache waligeuka. Sala iliendelea.

"Telesia. Umeruka la nne. Kubeba msalaba."

Telesia alinyamaza, akageuza shingo. "Wifi anasemaje?" aliwauliza waliokaa karibu. Aliuliza kwa nia njema, maana kweli hakusikia.

"Anasema amechoka," mtu mmoja alijibu kutoka nyuma, na kicheko kikapita kanisani. Kilikuwa kicheko kidogo, kisicho na ubaya, cha watu walioketi muda mrefu. Mzee Visesio alicheka zaidi ya wote. Telesia naye akatabasamu bila kujua sababu, kisha akaendelea na Salamu Maria.

Falakika alingoja hadi mwisho, akafanya ishara ya msalaba, akatoka. Kesho yake hakwenda. Wala kesho kutwa.

Alisali nyumbani, peke yake, akisuka mkeka kibarazani. Tendo la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano, bila kuruka. Kapeliele alikwenda kanisani na kurudi, na kila aliporudi alisema jambo dogo lisilo na maana: kwamba taa imeungua, kwamba mbwa wa chifu aliingia akalala chini ya altare. Falakika alisikiliza akiwa ameinamia mkeka.

"Watu wanakuulizia," Kapeliele alimwambia wiki ya pili.

"Waambie nimechoka. Si ndivyo walivyosikia?"

Katikati ya Julai Padre Setefano alitangaza mpango wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Maandamano yatatoka kanisa kuu la parokia hadi ufukweni, na kila kigango kitaimba wimbo wake kwa zamu, kama ilivyo desturi. Wimbo wa Halatea ulikuwa na beti saba. Watu wote walijua kiitikio. Beti zenyewe huimbwa na kiongozi peke yake, na hazikuwahi kuandikwa popote. Mama yake Falakika alizipokea kwa shangazi yake, naye Falakika alizipokea kwa mama, wakiwa wanakuna nazi.

Telesia alikuja asubuhi ya Jumamosi na mashelisheli matatu kwenye kapu. Aliyaweka chini, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akatazama barabara.

"Wifi, sina beti hata moja," alisema.

"Najua."

"Nimejaribu kuziokota kichwani. Napata maneno ya ubeti wa kwanza, halafu kuna giza."

Falakika aliendelea kusuka. "Na siku ile, ulipata nini ulipofika tendo la nne?"

Telesia alimgeukia. "Tendo la nne lipi?"

"Ijumaa ile. Uliliruka. Nilikwambia, watu wakacheka."

Telesia alikunjua mkono. Alihesabu matendo kwenye vidole, akasimama kwenye kidole cha nne. Uso wake ulibadilika rangi.

"Mimi nilidhani umeomba tumalize upesi," alisema. "Nikaharakisha zaidi."

"Uliharakisha kweli."

"Wifi, nisamehe. Jioni ile mtoto wangu alikuwa na homa. Nilikuwa pale nusu."

"Ungesema."

"Ningesema nini, na wewe ukinitazama kutoka pale ukutani kama karani wa sensa? Mimi nikifungua mdomo jioni nakuona wewe, namwona mama yako nyuma yako. Nakimbia nimalize."

Falakika aliweka mkeka pembeni. Haya hakuwa amewahi kuyafikiri. Aliyageuza geuza kidogo, akaona hayapunguzi kosa, lakini akaona pia kwamba hakuwa na hamu tena ya kulishikilia.

"Sogea karibu," alisema. "Siwezi kupaza."

Walianza siku hiyo, wakarudia kila Jumamosi na kila Jumatano. Falakika alinong'ona maneno, na kwa kuwa koo lake halikuweza kupanda wala kushuka, alionyesha sauti kwa mkono: kiganja juu, kiganja chini, kiganja kikitetemeka mahali pa kukokota. Telesia aliimba huku akikitazama kiganja. Kapeliele alipita na ndoo za chakula cha nguruwe, akapunguza mwendo, akaenda zake.

Ubeti wa tatu uliwasumbua. Mwishoni mwake, kwenye maneno "chini ya miguu yako", sauti ilipaswa kushuka hatua mbili na kutulia. Telesia alipanda.

"Shuka," Falakika alinong'ona.

Telesia alirudia, akapanda.

"Maneno yanasema chini, wewe unakwenda wapi?"

"Koo linakwenda lenyewe."

Walirudia mara nne, mara tano. Jumatano ya mwisho kabla ya sikukuu Telesia aliuimba wimbo wote bila kusita, na kwenye ubeti wa tatu akapanda tena, polepole, sauti ikabaki juu kama inayomtafuta mtu. Kiganja cha Falakika kilikuwa kimeshuka hadi gotini. Alikitazama, akakiacha hapo.

"Endelea," alisema.

"Nimekosea?"

"Endelea na wa nne."

Tarehe kumi na tano Agosti palikuwa na jua kali na upepo wa kutosha. Sanamu ya Bikira Maria ilibebwa na wanaume wanane, Kapeliele akiwa mmoja wao, shati limemganda mgongoni. Vigango viliimba vikipokezana. Zamu ya Halatea ilifika karibu na minazi ya mwisho kabla ya ufukwe. Telesia alisogea mbele, akakohoa, akamtafuta Falakika kwa macho, akamkuta anatembea hatua moja nyuma ya bega lake la kulia.

Aliimba. Hakukimbia. Kwenye ubeti wa tatu sauti ilipanda, na kwa kuwa ilipanda, watu waliipokea kwenye kiitikio wakiwa juu kuliko walivyozoea, wanawake wakafika bila shida, wanaume wakanguruma chini yao. Wazee wachache walitazamana. Falakika, ambaye peke yake alijua kosa liko wapi, aliitikia na wengine, juu, kwa mkwaruzo wake usiosikika na yeyote.

Baada ya misa, wakati nguruwe waliookwa wakigawiwa kwenye majani, mwanamke wa kigango cha jirani alimjia.

"Wimbo wenu mwaka huu umekuwa mzuri," alisema. "Ule ubeti wa tatu mmeubadilisha?"

"Telesia ndiye kiongozi," Falakika alijibu. "Muulize yeye."

Mwanamke yule hakusikia vizuri, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchukua taro.

Jumatatu jioni Falakika alirudi kanisani. Mwaka uliofuata watoto wa mafundisho walifundishwa wimbo kwa ajili ya maandamano, na wote wakaupandisha ubeti wa tatu, kwa sababu ndivyo unavyoimbwa Halatea.