Zoezi la Nyumba ya Nyasi

Mwaka wa 1931, mvua ya masika ilipokwisha, bwana shamba mmoja, Mzungu mwenye shamba la chai karibu na Kabianga, aliwakusanya wafanyakazi wake mbele ya kiwanda. Alitaka wanaume kumi na wawili wa kujitolea kuwasaidia polisi, maana ng'ombe walikuwa wanaibwa na kituo kilikuwa mbali. Mshahara haungekuwapo. Wangepewa sweta, kofia, rungu na posho ya ziada. Karani Kiarie aliyatafsiri maneno hayo huku akitazama chini.

Otiende alikuwa wa tatu kuinua mkono. Alikuwa ametoka pande za ziwa miaka minne nyuma, akafanya kazi ya kukausha majani, na kila siku nyapara alimsukuma kama toroli. Alifikiri mtu mwenye kofia hasukumwi.

Mkewe, Beldina, aliposikia habari hizo aliendelea kusonga ugali.

"Utalinda ng'ombe wa nani, Baba Ajwang?"

"Wa watu wote."

"Sisi hatuna hata mbuzi."

Ili kununua sweta na kofia, bwana shamba alitoa kidogo. Kilichobaki waliombwa Wakipsigis waliokaa ng'ambo ya kijito, maboma tisa kwa jumla. Ninyi ndio mnaoibiwa, wakaambiwa, basi kila boma litoe kondoo mmoja. Mzee arap Mibei alikuwa wa kwanza kuleta kondoo wake. Huyu ndiye aliyempa Beldina maziwa tangu mtoto wao Ajwang azaliwe, siku nyingine kwa kubadilishana na chumvi, siku nyingi bure. Otiende alipopita kwake akiwa amevaa sweta jipya, mzee alilipapasa, akacheka.

"Kondoo yangu imekuwa askari," akasema.

Mafunzo yalitolewa na Momanyi, koplo mstaafu kutoka Kisii aliyepoteza sikio moja katika vita vya Wajerumani. Wiki ya kwanza walipiga gwaride tu. Wiki ya pili aliwaamuru wajenge nyumba ya nyasi kwenye uwanja chini ya kiwanda, waizungushie ua wa miiba na zizi kwa nyuma. Wakafundishwa kuizingira kimya kimya. Wawili mlangoni, wengine kandokando, mmoja kwenye zizi. Okoth, mchekeshaji wao, aliambiwa awe mama wa nyumba anayekataa kutoka. Alikumbatia nguzo ya mlango akalia kwa sauti ya kike, nao wakacheka mpaka wakakaa chini.

Momanyi hakucheka. Aliwangoja wanyamaze.

"Akishika nguzo, msimvute," akasema. "Mtachoka bure. Fungueni vidole, kimoja kimoja. Anzeni na kile kidogo."

Akawaonyesha kwa mkono wa Okoth.

Kesho yake Otiende aliuliza, "Afande, mwizi wa ng'ombe anakaaje ndani na mke na watoto, akitungoja?"

Koplo alimgeuzia upande usio na sikio. "Wewe ni nambari saba. Nambari saba anasimama kwenye zizi, ng'ombe wasitoke. Hiyo ndiyo kazi yako."

Baada ya siku chache bwana shamba mwenyewe alikuja kutazama, Kiarie nyuma yake amebeba ramani. Alisema lango la ua lihamishwe upande wa kijito, na ghala la wimbi liongezwe kushoto. Walifanya hivyo. Otiende alisimama mahali pake, akainua macho. Ua huu aliujua. Alikuwa ameingia kwa lango hilo mara nyingi, kibuyu cha maziwa mkononi.

Jumapili alivuka kijito. Arap Mibei alikuwa anachonga mpini wa shoka, na mkewe, Tapsiargaa, anapepeta wimbi. Otiende aliwaeleza yote: nyumba ya nyasi, lango, zizi.

Mzee alitikisa kichwa. "Hao ni askari yetu. Mimi nilitoa kondoo. Mtu anaweza kulipa afukuzwe kwake?"

"Mzee, peleka ng'ombe Chebunyo kwa ndugu zako. Leo."

"Wewe ni mgeni, Otiende. Umeogopa mazoezi."

Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwa Tapsiargaa.

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito. Waliitwa asubuhi, wakavuka kijito, na kila mtu akaenda mahali pake bila kuamriwa, kama miguu ilivyozoezwa. Kiarie alisoma karatasi: ardhi hii imo ndani ya mipaka ya shamba na itapandwa chai, na mifugo itashikwa mpaka faini ya kukaa hapa ilipwe. Arap Mibei alitoka na blanketi begani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini mbele ya mlango wake. Walimfunga mikono.

Tapsiargaa alishika nguzo. Okoth alimwendea, akaanza na kidole kidogo.

Kutoka kwenye zizi Otiende hakuona vizuri, ila alisikia. Hakukuwa na kilio chochote, pumzi tu. Mikono yake ikaanza kuchomoa miti ya lango la zizi, mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe wakateremka kwenye ukungu. Tapsiargaa alipoachiwa alikimbia kuwafuata, na upande ule hapakuwa na askari mwingine wa kumzuia.

Mzee alipopitishwa, alilitazama sweta la Otiende. Uso hakuutazama.

Kufikia adhuhuri maboma yote tisa yalikuwa yanatoa moshi. Bwana shamba aliuliza nani aliyewaachia ng'ombe. Momanyi akajibu kwamba miti ya lango ilikuwa imeoza.

Mwezi uliofuata wachumaji wa chai waligoma kwa sababu waliongezewa kikapu cha ziada cha kujaza kila siku. Wiki hiyohiyo Momanyi aliamuru nyumba ya nyasi ibomolewe na nyingine ijengwe, ndefu, yenye milango sita kwa mstari. Okoth aliuliza boma gani lina sura hiyo. Nyuma ya Okoth palikuwa na kambi ya wafanyakazi, nyumba ndefu zenye milango sita sita.

Otiende alimweleza Beldina. Beldina alishusha sufuria, akaanza kufunga mizigo.

Jumamosi mchana walimkuta Momanyi peke yake kwenye daraja la barabara ya Muhoroni. Aliutazama mzigo, akamtazama mtoto mgongoni.

"Kipande chako cha kazi kiko ofisini," akasema. "Ukikamatwa bila kipande ni jela."

"Najua, afande."

"Vua sweta." Otiende akalivua. Koplo alilikunja vizuri. "Nitasema umeenda kumzika mama yako."

"Mama yangu yuko hai."

"Basi tembea haraka."

Walifika kwao pande za ziwa salama. Mwaka uliofuata, kwenye soko la Muhoroni, Otiende alikutana na mtu aliyetoka shamba lile. Askari wa kujitolea sasa walikuwa thelathini, mtu huyo alisema, na Okoth ndiye koplo. Wachumaji walikuwa wametulia. Otiende akauliza habari za mzee arap Mibei.

Yule mtu alifikiri kidogo. Jina hilo, akasema, hakuwahi kulisikia.